UZI: Peamount United, klabu ya kijijini iliyotwaa ligi ya wanawake Ireland mara nne. Je, itaendelea kusimama peke yake?

Binti Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Humu jukwaani tunajadili Arsenal, Chelsea na Barcelona za wanawake karibu kila siku, na mimi ni msomaji mzuri wa nyuzi hizo. Leo naomba niwapeleke kwenye ligi ambayo sijawahi kuona ikizungumziwa hapa: ligi kuu ya wanawake ya Jamhuri ya Ireland. Nitashika klabu moja tu, Peamount United. Naishi magharibi mwa Dublin, uwanja wao hauko mbali na kwangu, na naifuatilia ligi hii kwa mapenzi kabisa. Nina hoja nataka tuijadili, ila tuanze na historia kidogo.

Peamount wanacheza Newcastle. Siyo ile Newcastle ya Uingereza yenye Newcastle United. Hii ni kijiji kilicho kusini-magharibi mwa jiji la Dublin, mahali ambapo mashamba yanakutana na maghala ya viwanda ya Greenogue. Uwanja unaitwa PRL Park. Jina Peamount lenyewe lilijulikana zamani kwa sababu ya hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu iliyofunguliwa huko mwaka 1912. Klabu ina timu za wanaume zinazocheza ligi za chini, lakini ukilitaja jina hilo kwa mpenzi yeyote wa soka Ireland, anachofikiria ni timu ya wanawake.

Mwaka 2010 walitwaa Kombe la FAI (chama cha soka cha Ireland) la wanawake. Kwa ubingwa huo wakaenda Ligi ya Mabingwa Ulaya msimu wa 2011-12, wakavuka hatua ya awali, na katika hatua ya timu 32 wakapangwa na Paris Saint-Germain. Wakatolewa kwa jumla ya mabao 5-0, lakini fikirieni: timu ya kijiji inapanda ndege kwenda kucheza mechi ya marudiano na PSG.

Mwaka huohuo wa 2011 ndipo FAI walipoanzisha Ligi ya Taifa ya Wanawake. Bingwa wa msimu wa kwanza kabisa ni Peamount. Wakaja kuchukua tena 2019, 2020 na 2023. Huo wa 2020 ulikuwa mwaka wa korona, ligi ikafupishwa, na Desemba wakawafunga Cork City 6-0 kwenye fainali ya Kombe pale Tallaght. Ligi na kombe mwaka mmoja.

Sasa hoja yangu. Ligi hii ilipoanza, klabu kadhaa zilikuwa za wanawake tu, au zilitoka kwenye klabu ndogo za mitaani. Raheny United walikuwa mabingwa 2012-13 na 2013-14; mwaka 2015 timu yao ikaingizwa Shelbourne, na jina la Raheny likatoweka kwenye ligi. Galway WFC, klabu ya wanawake iliyojisimamia yenyewe, ilijiondoa mwisho wa msimu wa 2022, na nafasi ya jiji lile ikachukuliwa na Galway United, klabu ya wanaume iliyofungua timu ya wanawake. Msimu wa 2023 ulipoanza, ligi ilikuwa na timu 11. Tisa zilikuwa na ndugu zao wa kiume kwenye Ligi ya Ireland. Waliobaki bila kaka mkubwa ni wawili: DLR Waves na Peamount.

Na nani alitwaa ubingwa wa 2023? Peamount.

Ndiyo maana nasema klabu ya namna hii ina nafasi na inafaa ilindwe kwa nguvu zote. Karibuni tujadili.

Kiungo Mkabaji

Dada, shukrani kwa uzi. Kumbe huko nako kuna moto.

Ila kabla sijachangia, naomba unijazie nyama hapo 2023. Ulivyoandika ni kama walishinda kwa miujiza. Kilitokea nini hasa?

Binti Pangani

Kaka Kiungo, nakujazia.

Kabla ya 2023, wachezaji wa ligi hii walikuwa wa ridhaa. Mtu anasoma chuo au anafanya kazi mchana, jioni mazoezi, Jumamosi mechi. Ugenini Cork ni zaidi ya kilomita 250 kutoka Dublin, na Jumatatu asubuhi unatakiwa kazini. Hakuna mkataba wa kulipwa. Maana yake pia ni kwamba klabu ikimlea binti tangu akiwa mdogo, halafu klabu ya Uingereza au Scotland ikamtaka, anaondoka na aliyemlea hapati kitu.

Mwaka 2023 sheria ikabadilika, mikataba ya kulipwa ikaruhusiwa. Wakati huohuo Shamrock Rovers, klabu kubwa kuliko zote Ireland kwa mataji ya ligi ya wanaume, wakarudi kwenye ligi ya wanawake. Walikuwemo mwanzoni kabisa mwaka 2011, kisha wakaondoka. Safari hii walirudi na mikataba mkononi, na kwenye kikosi kipya wakawemo wakongwe wawili wa Peamount: Áine O'Gorman na Stephanie Zambra. Huyo Zambra wengi mnamjua kwa jina lake la kabla ya ndoa, Stephanie Roche. Nitamrudia.

Kwa hiyo ukiangalia usajili ule, kila mtu aliyekuwa na akili timamu angesema enzi za Peamount zimekwisha. Kocha James O'Callaghan akabaki, kiungo Karen Duggan akabaki, na nafasi zilizoachwa wazi zikachukuliwa na mabinti wadogo. Mmoja wao beki wa kushoto, Tara O'Hanlon, ambaye Januari 2024 alisajiliwa Manchester City. Wakaongoza ligi mbele ya Shelbourne waliokuwa mabingwa mara mbili mfululizo, na mbele ya Rovers wenyewe waliochukua watu wao.

Siyo miujiza. Ni kwamba nyuma ya kikosi cha kwanza kulikuwa na foleni ya wasichana waliokulia palepale, wanaocheza mfumo uleule.

Beki Tatu

Stephanie Roche! Huyu si ndiye yule wa lile bao la Puskás, tuzo ya FIFA ya bao bora la mwaka? Sikujua kuwa alifunga akiwa na hii timu. Mwenye kumbukumbu atusimulie, kuna vijana humu hawakuona.

Mzee wa Matuta

Niruhusuni hilo nilisimulie mimi, kwa sababu nimeliangalia mara nyingi kuliko mabao mengi ya Ligi Kuu England.

Tarehe 20 Oktoba 2013, Peamount ugenini kwa Wexford Youths. Áine O'Gorman anapiga krosi kutoka kulia. Roche yuko nje kidogo ya boksi. Mpira anautuliza kwa mguu wa kulia, haujagusa chini. Kwa mguu wa kushoto anaupandisha, unapita juu ya kichwa chake na juu ya beki aliyekuwa mgongoni. Kanzu safi kabisa. Beki bado anatafuta mpira umekwenda wapi, Roche ameshageuka, na kabla haujatua anaupiga volei kwa kushoto uleule hadi kwenye kona ya goli. Miguso mitatu, na mpira haukugusa nyasi hata mara moja.

Taarifa za wakati ule zilisema uwanjani kulikuwa na watu 95. Hakukuwa na televisheni. Bahati nzuri kulikuwa na kamera moja ikirekodi, na kocha wa Peamount wakati huo, Eileen Gleeson, akaipandisha YouTube. Dunia nzima ikaiona. FIFA wakaiingiza kwenye orodha ya Tuzo ya Puskás, na Roche akawa mwanamke wa kwanza kuingia tatu bora. Januari 2015 pale Zürich alishika nafasi ya pili kwa asilimia 33 ya kura. James Rodríguez alishinda kwa asilimia 42 kwa lile bao la Kombe la Dunia dhidi ya Uruguay, na Robin van Persie akawa wa tatu kwa asilimia 11.

Hebu pimeni wenyewe. Mabao mawili kati ya hayo yalifungwa Brazil, Kombe la Dunia, mbele ya kamera za dunia nzima. Moja lilifungwa mbele ya watu 95 Wexford.

Shangazi K

Mzee umeniliza. Mimi swali langu ni la kimaisha: baada ya hapo alinufaika? Maana wanawake tunapigiwa makofi sana halafu tunarudi nyumbani mikono mitupu.

Binti Pangani

Shangazi, swali zuri sana na jibu lake linauma kidogo.

Mwaka 2014 alikwenda Ufaransa kuchezea ASPTT Albi. Baada ya sherehe ya Zürich akasajiliwa Houston Dash ya Marekani, lakini hakukaa hata msimu mmoja kamili, wakamwacha. Akaenda Sunderland. Baadaye akarudi Peamount, akatwaa nao mataji, na akamalizia Rovers. Ni maisha mazuri ya soka, ameiwakilisha nchi yake mara nyingi. Ila bao lile kwa mwanamume lingemfungulia milango ambayo kwake haikufunguka.

Na yeye hakukaa kimya. Aprili 2017 wachezaji wa timu ya taifa ya Ireland waliitisha mkutano na waandishi wa habari Liberty Hall, yale makao ya chama cha wafanyakazi katikati ya Dublin. Nahodha alikuwa kipa Emma Byrne, na Roche na O'Gorman walikuwemo. Wakaeleza mbele ya kamera kwamba tracksuti za timu wanagawana na timu za vijana, kwamba wakitoka safari wanabadilisha nguo kwenye vyoo vya uwanja wa ndege ili wazirudishe, na kwamba wanapoitwa kambini wanakatwa mishahara kazini bila mtu kuwafidia. Ndani ya siku mbili makubaliano yakapatikana. Mwaka 2021 chama cha soka, FAI, kikatangaza kuwa wachezaji wa timu ya taifa ya wanawake na ya wanaume watalipwa posho sawa ya mechi.

Ndiyo maana napenda ligi hii. Watu wake walisimama wakasema ukweli kwa majina yao.

Kiungo Mkabaji

Sasa nachangia, na naomba nipingane na dada kwa heshima.

Ubingwa wa 2023 ni mtamu, sikatai. Lakini tuangalie mbele. Klabu kubwa ya wanaume ina uwanja wake, ina duka la jezi, ina mashabiki waliorithi timu kwa baba zao, ina mtu wa matangazo, ina daktari. Timu ya wanawake ikiingizwa humo inapata vyote hivyo siku ya kwanza. Huku nyumbani tumeona Simba Queens, jina tu la Simba linamfanya mtu ageuke. Peamount wana nini cha kumpa mchezaji mwenye ofa ya mkataba mezani? Mapenzi? Binti ana kodi ya nyumba ya kulipa, na tunasikia kodi za Dublin siyo mchezo.

Umesema Raheny ilimezwa na Shelbourne. Sawa, lakini angalia matokeo: Shelbourne wametwaa ligi 2016, 2021 na 2022, na kombe 2024 kwa kuwapiga Athlone 6-1. Wachezaji wale wangebaki Raheny wangefika hapo?

Binti Pangani

Kiungo, umejenga hoja vizuri, na sehemu yake naikubali. Simlaumu mchezaji hata mmoja aliyekwenda Rovers. O'Gorman amelitumikia soka la nchi hii zaidi ya muongo mmoja, alistahili kulipwa, na mwaka 2023 alikwenda Kombe la Dunia Australia yeye pamoja na Abbie Larkin, wote wa Rovers, wakiwa ndio pekee kikosini wanaocheza ligi ya nyumbani.

Ninachokipinga ni kuamini kwamba njia ni hiyo moja tu. Timu ya wanawake ndani ya klabu ya wanaume inaishi kwa ridhaa ya wenye klabu. Rovers haohao waliwahi kuwa na timu, wakaiondoa, wakairudisha baada ya miaka. Walipoiondoa, wanaume wao waliendelea kucheza kama kawaida. Wasichana ndio waliotafuta pa kwenda. Peamount hawana timu nyingine ya kukimbilia: wanawake ndio timu ya kwanza. Uwanja ukipangwa, wanapangwa wao. Fedha ikiingia, inaanzia kwao. Mtoto wa kike akiingia PRL Park anakuta picha za wanawake ndio mashujaa wa klabu.

Kuhusu Raheny, usisahau kwamba Katie McCabe, nahodha wa Ireland na mchezaji wa Arsenal kwa miaka mingi, alipitia Raheny kabla ya Shelbourne. Klabu ile ndogo ilifanya kazi yake. Sasa hivi kijana anayeanza kuifuatilia ligi hajui hata kama iliwahi kuwepo.

Mkenya wa Limerick

Niaje watu wangu. Mimi niko huku Limerick na timu yetu ni Treaty United, mara nyingi tunaburuta mkia lakini tunaenda uwanjani. Nakubaliana na Binti kwa moja: ukienda mechi za hii ligi uko karibu na mchezo vile huwezi pata kwingine. Unasimama kwa reli, unasikia kila neno golikipa anaambia mabeki wake. Ukinyamaza unasikia vile mpira unagonga buti. Mechi ikiisha wachezaji wanakuja kwa hiyo reli na watoto wanapewa sahihi hadi wa mwisho.

Nimewaona Peamount wakija huku. Kitu kimoja kilinishika: wakipoteza mpira, yule wa karibu anaruka hapohapo kuutafuta, na wa pili tayari amefunga njia ya pasi. Halafu unaangalia miaka yao, wengine ni wasichana wa shule ya upili.

Nahodha Mstaafu

Binti Pangani, umesimulia ushindi tu. Sisi tuliocheza mpira tunajua klabu hupimwa siku ya kipigo. Tupe na majeraha yao.

Binti Pangani

Nahodha, majeraha wanayo, na makubwa.

Fainali ya Kombe 2018, wakafungwa na Wexford Youths. Fainali ya 2019, wakafungwa tena na Wexford haohao, 3-2, mwaka ambao ligi walikuwa wameichukua wao. Mwaka 2020 walikwenda Scotland kucheza na Glasgow City, Ligi ya Mabingwa, wakatolewa kwa matuta.

Lakini hakuna kinachofika 13 Novemba 2021. Mechi ya mwisho ya ligi. Peamount wanaongoza kwa pointi moja, wako nyumbani, wanakutana na Galway ambao hawagombei ubingwa. Wakishinda, ni ubingwa wa tatu mfululizo. Shelbourne wako kwingine wanacheza na Wexford na wanasubiri habari. Peamount wakafungwa 5-2. Tano! Kwenye uwanja wao! Shelbourne wakashinda 3-2 na kombe likabadilisha mwelekeo.

Mashabiki wa Shelbourne bado wanaisimulia siku ile, na sioni ubaya, wangekuwa wajinga kutofurahi. Mimi kinachonigusa ni kwamba baadaye, kabla ya msimu wa 2023, wale wakongwe wakaondoka, na bado 2023 klabu ikarudi kileleni. Mtu akiniuliza kwa nini naiamini Peamount, namwonyesha 2021 kwanza, halafu 2023.

Beki Tatu

Amber Barrett naye si alipitia hapo? Yule aliyewapeleka Kombe la Dunia?

Mzee wa Matuta

Ndiye. Msichana wa Milford, Donegal, kaskazini kabisa. Alikuwa mfungaji tegemeo wa Peamount hadi 2019 alipokwenda FC Köln ya Ujerumani, kisha Turbine Potsdam.

Oktoba 11, 2022, Hampden Park, Glasgow. Mchujo wa kwenda Kombe la Dunia dhidi ya Scotland. Kipindi cha kwanza Courtney Brosnan anapangua penalti ya Caroline Weir. Kipindi cha pili Barrett anaingia akitokea benchi. Denise O'Sullivan anapenyeza pasi ndefu, Barrett anakimbia peke yake kuelekea goli, anaugusa kwa ncha ya kiatu, kipa ameshapitwa. 1-0. Ireland wanaenda Kombe la Dunia la wanawake kwa mara ya kwanza.

Angalieni anavyoshangilia: anapiga goti na kushika kitambaa cheusi mkononi. Siku nne kabla, mlipuko kwenye kituo cha mafuta huko Creeslough, Donegal, ulikuwa umeua watu kumi. Kijiji hicho ni asili ya familia yake. Akasema bao ni lao.

Shangazi K

Mungu awarehemu. Hii mada imekuwa nzito kuliko nilivyotarajia.

Binti, na sasa hivi hali ya Peamount ikoje? Usitufiche.

Binti Pangani

Sifichi, shangazi. Baada ya 2023 hawajarudi kileleni. Ubingwa wa 2024 na wa 2025 umekwenda Athlone Town, na hapo nampa Kiungo nusu ya pointi, kwa sababu Athlone ni klabu ya zamani ya wanaume, ya tangu 1887. Mwaka 1975 wanaume wao walitoka sare ya 0-0 na AC Milan pale Athlone, na mji ule kando ya mto Shannon hadi leo unaikumbuka.

Ila nusu nyingine ya pointi nabaki nayo. Timu ya wanaume ya Athlone iko daraja la pili. Wanawake waliingia ligi mwaka 2020 tu, na ndio walioirudisha klabu kwenye mashindano ya Ulaya. Kwa hiyo hata Athlone hawakushinda kwa sababu kaka mkubwa ni tajiri. Walishinda kwa sababu klabu iliwaweka wanawake mbele: walitafuta wachezaji hadi Marekani, wakajenga timu kwa mpango. Ndicho ambacho Peamount wamekuwa wakifanya tangu mwanzo kwa njia yao.

Hatari ninayoiona kwa Peamount ni ya fedha. Kila msimu sasa mshahara unapanda kidogo kwa klabu zenye uwezo. Klabu ya kijiji inategemea wafadhili wa jirani, viingilio, michango ya wazazi na watu wa kujitolea: anayepaka chokaa uwanjani, anayefua jezi, anayesimama getini. Mkataba wa kulipwa umeleta kitu kimoja kinachoweza kuwasaidia, kwamba mchezaji mwenye mkataba akitakiwa nje, klabu inaweza kudai ada. Wakiuza kwa akili, kile kitalu chao cha mabinti kinaweza kuwalipia gharama. Chama cha soka nacho kina wajibu. Ligi iliyoanza na klabu za namna hii isikubali zife moja moja halafu iite hayo maendeleo.

Kiungo Mkabaji

Nusu ya pointi naipokea, dada. Na nimesoma tena ulichoandika kuhusu Rovers kuiondoa timu kisha kuirudisha. Hilo sikuwa nalijua na lina uzito. Pengine suluhisho ni masharti ya leseni: klabu ya wanaume ikifungua timu ya wanawake, isiruhusiwe kuifunga kirahisi ikikosa hela. Na wale wanaojisimamia wapewe fungu lao la maendeleo ya vijana. Bado naamini wengi watamezwa, lakini mmoja au wawili wakibaki, ligi itakuwa na afya zaidi.

Binti Pangani

Hapo kwenye masharti ya leseni tuko pamoja kabisa.

Mama Wawili

Samahani kwa kuingia katikati. Nimekuwa msomaji tu tangu juzi. Niko Clondalkin, nina binti wa miaka tisa, anapiga mpira na kaka yake uwanja wa nyuma kutwa nzima. Hajawahi kuona mechi ya wanawake wakubwa. Nianzie wapi? Na je, wanatupokea sisi wageni?

Binti Pangani

Dada, karibu sana, uko jirani kabisa.

Ligi inachezwa kuanzia Machi hadi vuli, mechi nyingi ni Jumamosi. Angalia ratiba kwenye tovuti ya League of Ireland, tafuta siku Peamount wako nyumbani. Usipoweza kutoka, kuna mechi zinazoonyeshwa TG4, ile stesheni ya lugha ya Kiireland. Utangazaji ni wa Kiireland na hutaelewa neno, lakini mpira utauelewa, na mwanao ataokota maneno maana shuleni wanakisoma.

Kwa mtoto wa miaka tisa, klabu ina timu za wasichana wadogo. Waandikie, uliza siku ya mazoezi ya umri wake, mpeleke ajaribu. Mvalishe soksi ndefu na vikinga ugoko, na koti la mvua liwe kwenye begi hata jua likiwaka. Akikua na akipenda, kuna ligi za taifa za wasichana chini ya miaka 17 na 19, na huko ndiko wanakotoka wengi unaowaona kikosi cha kwanza.

Kuhusu kupokelewa: ukisimama pale relini utaona watoto wa asili za kila namna wamevaa jezi, Wanigeria, Wapoland, Wabrazili. Mimi nimepokelewa vizuri. Mechi ijayo ya nyumbani nitakuwepo, nitumie ujumbe kwa PM tukutane getini. Mwambie binti aje na mpira wake, mapumziko huwa watoto wanapigiana pasi nyuma ya goli.

Mama Wawili

Nimekutumia PM. Ameuliza kama anaruhusiwa kuja na kaka yake.

Binti Pangani

Aje naye.